Mstari Mnyoofu Hutoka Wapi? Ubongo, Mwili na Njia ya Mkono

Kila inapotoka habari kwamba mtu aliyepooza ameweza kusogeza mkono wa roboti kwa msaada wa vinasa-ishara vilivyopandikizwa ubongoni, mazungumzo yanayofuata huwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza husema hakuna la kustaajabisha, kwa kuwa ubongo ndio unaotoa amri na mkono ni mtumishi tu, hivyo ukishainasa amri umemaliza kazi. Kambi ya pili hujibu kwamba mwili nao una akili yake, na ushahidi wao ni ule msemo unaosikika kila mahali kwamba misuli ina kumbukumbu: mpiga kinanda hucheza huku akizungumza, mfumaji hufuma bila kutazama sindano zake. Kila kambi imeshika kipande cha ukweli, na kila kipande kikitazamwa peke yake hupotosha. Swali lenyewe, ambalo linastahili kufafanuliwa kwa utulivu, ni hili: mkono unapotoka hapa kwenda pale, nani anayechagua njia utakayopita?

Tuanze na maneno. Kiswahili hutumia neno mkono kwa kitu kizima kinachoanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, jambo ambalo katika maisha ya kila siku halina tatizo lakini hapa laweza kutuchanganya. Kwa hiyo, nikisema mkono nitakuwa na maana ya kitu hicho kizima, na nikisema kiganja nitakuwa na maana ya sehemu ya mwisho inayoshika vitu. Pale mkono unapokunjikia katikati ni kiwiko, ambacho wengine hukiita kisugudi, na kipande kilicho kati ya kiwiko na kiganja ni kigasha. Kiungo ni mahali mifupa inapokutana na kugeukia. Njia ni mstari ambao kiganja kingeuchora hewani kama kingeacha alama kila kinapopita. Mwendo ni njia hiyo pamoja na kasi yake, kwa maana njia ileile yaweza kupitwa kwa mbio au kwa kunyata.

Sasa kaa mbele ya meza, weka ncha ya kidole cha shahada upande mmoja, kisha uipeleke bila haraka hadi upande wa pili, mbali kidogo na kifua chako. Ukitazama vizuri utaona kidole kimekwenda karibu moja kwa moja, kana kwamba kimefuata rula. Rudia, lakini safari hii bana sehemu ya juu ya mkono ubavuni na uache kiwiko peke yake kigeuke. Kidole kitachora tao, kama bikari. Jaribu kwa bega peke yake, kiwiko kikiwa kimekakamaa: tao tena, kubwa zaidi. Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mkono hauna kiungo hata kimoja kinachokwenda moja kwa moja. Vyote huzunguka, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba zake. Watu wengi huamini kwamba mstari mnyoofu ndio mwendo rahisi na wa asili, na kwamba kupinda ndiko kunakohitaji ustadi. Kwa miili yetu ni kinyume chake: tao huja bure, na mstari mnyoofu hugharimiwa.

Gharama hiyo inaonekana vizuri kwenye mlango wa kukunja, ule wenye mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, ubao wa kwanza ukiwa umeshikizwa kwenye fremu. Shika kitasa kilicho mwishoni mwa ubao wa pili na ufikirie unataka kipite katika mstari mnyoofu. Ubao wa kwanza utalazimika kugeuka kwa kiasi fulani na wa pili kwa kiasi kingine, na uwiano kati yao hautabaki uleule hata kwa nusu ya safari. Kwa baadhi ya njia, ubao mmoja utalazimika kwenda mbele, kusimama, kisha kurudi nyuma, ilhali kitasa chenyewe hakijayumba. Bega lako na kiwiko chako vilifanya mahesabu ya namna hiyo pale mezani, nawe hukuhisi hata mara moja kwamba kuna mahesabu.

Mwaka 1981 mtafiti Mwitaliano Pietro Morasso alichapisha vipimo vya jambo hili. Aliwaomba watu wapeleke kiganja kutoka nukta moja hadi nyingine juu ya meza, katika pande mbalimbali, bila kuwapa agizo lolote kuhusu njia ya kupita. Viungo vya mikono yao viligeuka kwa mitindo tofauti kabisa kutegemea nukta zilikuwa wapi, na mara nyingine kiungo kiligeuza mwelekeo katikati ya safari. Lakini njia ya kiganja ilibaki karibu kunyooka, na kasi yake ilikuwa na sura ileile daima: hupanda taratibu, hufika kilele karibu na katikati, kisha hushuka taratibu hadi sifuri. Ukiichora kasi hiyo kwenye karatasi unapata umbo la kengele. Hoja iliyojengwa juu ya vipimo hivi ni nzito, nayo ni kwamba mpango wa ubongo unaonekana kuhusu kiganja na mahali kinapokwenda, wala si kuhusu nyuzi za pembe za bega na kiwiko. Pembe hubeba mzigo ili kiganja kiende kwa unyofu.

Kwa nini iwe hivyo? Jibu la kwanza lililosikika sana lilitolewa mwaka 1985 na Tamar Flash na Neville Hogan, waliosema kwamba mkono huchagua njia yenye mishtuko michache kuliko zote. Kuelewa mshtuko hapa ni nini, mkumbuke dereva wa basi aliyejaza abiria waliosimama. Abiria hawaangushwi na kasi, hata iwe kubwa, na wala hawasumbuliwi sana na kasi inayopanda kidogo kidogo. Kinachowaangusha ni badiliko la ghafla, pale dereva anapokanyaga mafuta au breki bila kuwatayarisha. Flash na Hogan walionyesha kwamba ukitafuta kwa hisabati mwendo wenye mabadiliko laini kuliko yote kati ya nukta mbili, unapata mstari mnyoofu wenye kasi ya umbo la kengele, yaani kilekile kilichopimwa kwa watu.

Nadharia hiyo inavutia, lakini naona iliacha swali wazi, kwa sababu haikueleza ulaini unaufaidia nini mkono ambao mara nyingi haubebi abiria yeyote. Jibu lililoniridhisha zaidi lilikuja mwaka 1998 kutoka kwa Christopher Harris na Daniel Wolpert. Wao walianzia kwenye udhaifu mmoja wa mwili: amri inayopelekwa kwa misuli huwa na mchafuko ndani yake, na amri ikiwa na nguvu zaidi mchafuko nao huwa mkubwa zaidi. Ni kama sauti ya mtu: akisema kwa upole hutulia, akipaza hukwaruza. Amri kali na za ghafla zitakifikisha kiganja haraka, ila kitatua ovyo, leo huku na kesho kule. Ukitafuta mwendo utakaokifikisha kiganja karibu kabisa na shabaha kwa muda uliowekwa, licha ya mchafuko huo, unapata tena mwendo laini wenye umbo la kengele. Kwa maelezo haya ulaini si pambo ambalo ubongo unalipenda kwa uzuri wake. Ni alama ya mfumo unaojua kwamba vyombo vyake si safi na unaovitumia kwa hadhari.

Hadhari hiyo kila mtu anaijua bila kuipa jina. Kusukuma mlango kwa kiganja kizima huchukua kufumba na kufumbua, lakini kuingiza ufunguo kwenye tundu la kitasa, ingawa umbali ni uleule, kunataka muda, na mwishoni mkono hupunguza mwendo na kujisahihisha kidogo kidogo. Robert Woodworth aliyachunguza haya tangu mwaka 1899 na kugundua kwamba mwendo wa kulenga una sehemu mbili, ya kwanza ikiwa mruko wa haraka unaokaribia shabaha na ya pili ikiwa marekebisho yanayotegemea macho. Mwaka 1954 Paul Fitts aliweka uhusiano huo kwenye kanuni: muda wa kufikia kitu huongezeka kadiri kitu kilivyo mbali na kadiri kilivyo chembamba. Kanuni hiyo ndiyo inayotumiwa hadi leo na wanaobuni vitufe vya skrini za simu na kompyuta.

Hadi hapa kambi ya kwanza inaweza kudhani imeshinda, kwa sababu nimekuwa nikizungumza kana kwamba ubongo huchora na mwili hutii. Lakini tazama tena mistari hiyo kwa karibu. Si minyoofu kabisa. Mwingine una mbinuko mdogo, mwingine umelalia kulia, na upindo huo haujitokezi ovyo, bali hurudi kwa mtindo uleule kila unapopeleka kiganja upande uleule. Huo ndio mwandiko wa mwili.

Mwili huandika kwanza kwa uzito wake. Kila kitu chenye uzito hukataa kuanzishwa na hukataa kusimamishwa, tabia ambayo katika fizikia huitwa inesha. Mkono ukiwa umekunjwa mbele ya kifua, kupunga kigasha peke yake upande kwa upande ni kazi nyepesi, kwa maana kitu kinachosogea ni kipande kimoja tu. Kukisukuma kiganja kwa namna inayolazimisha sehemu ya juu ya mkono nayo ifuate ni kazi nzito. Kwa hiyo mkono hauna uzito mmoja. Una uzito tofauti kwa kila upande unaouelekea, ingawa mwenyewe huhisi hivyo mara chache. Watu wakiombwa wafike umbali uleule katika pande zote, kiganja huchomoka kwa haraka kwenye pande nyepesi na kwa kusita kwenye pande nzito, na hapo ndipo ubongo hulazimika kurefusha au kufupisha muda ili umbali utoke sawasawa.

Pili, vipande vya mkono husukumana vyenyewe kwa vyenyewe. Rudi kwenye mlango wa kukunja: ukivuta ubao wa kwanza kwa nguvu, ubao wa pili nao utapepea, ingawa hukuugusa. Vivyo hivyo, bega likigeuka haraka kigasha hurushwa, na kigasha kikisimama ghafla hulisukuma bega. Mtu mwenye afya hasikii lolote kati ya haya, kwa sababu misuli ya kiungo kimoja hukaza mapema kukizuia kisichukuliwe na vurugu za kiungo cha pili. Ukweli wa kazi hiyo ya kimyakimya ulidhihirika kwa wagonjwa waliopoteza hisi ya mkao, yaani ile hisi inayomwezesha mtu kujua mkono wake uko wapi hata akifumba macho. Misuli yao ilikuwa na nguvu kamili na amri zilifika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1993 waliombwa waigize kitendo cha kukata mkate, kusukuma mbele na kuvuta nyuma. Watu wenye afya walikwenda na kurudi karibu juu ya mstari uleule. Wagonjwa walipofika mwisho, pale mkono unapogeuza, njia yao ilifunguka na kuwa kitanzi, kwa sababu bega na kiwiko havikugeuza kwa wakati mmoja na hakuna aliyekuwa akilipia deni la msukumano ule. Walikuwa na ubongo unaojua unachokitaka na misuli inayoweza kukifanya, lakini taarifa za mwili hazikurudi, na mstari ukavunjika.

Tatu ni misuli yenyewe. Msuli huvuta tu, hausukumi, na ukikazwa hufanana na springi: ukinyooshwa kwa nguvu kutoka nje hukataa papo hapo, kabla ya ishara yoyote kufika popote. Nyuma yake huja itikio la neva za uti wa mgongo, ambalo kwa misuli ya mkono huchukua chini ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Hivyo mtu akikupiga kikumbo wakati unainua bilauri, marekebisho ya kwanza hufanyika bila ubongo kuulizwa. Hapa ndipo kambi ya pili ina haki yake.

Ikiwa mwili una matakwa haya yote, na bado kiganja hutoka karibu kunyooka, basi ubongo lazima uwe unayajua matakwa hayo. Ushahidi bora ninaoufahamu ni jaribio la Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi lililochapishwa mwaka 1994. Mtu hushika mpini wa roboti na kuupeleka kuelekea nukta mbalimbali kwenye skrini. Mwanzoni roboti haiingilii, na njia zake ni nyoofu. Kisha roboti inaanza kuusukuma mpini kwa nguvu inayokua kadiri mkono unavyokwenda kasi, na ghafla njia zote zinapinda kama ndoana: mkono unachukuliwa pembeni, halafu unajikokota kurudi kwenye shabaha. Baada ya mamia ya majaribio, njia zinanyooka tena. Jaribio lingeishia hapo, mtu angeweza kudai kwamba mshiriki amejifunza tu kukakamaa. Lakini watafiti wakaizima nguvu ya roboti bila kutangaza, na mkono ukapinda upande wa pili, kana kwamba unapigana na adui aliyekwisha kuondoka.

Naomba msomaji akae kidogo na mpindo huo wa pili, kwa sababu unaeleza mengi. Kama mkono ungekuwa umekakamaa tu, kuondolewa kwa nguvu kungeuacha uende moja kwa moja. Mpindo wa kinyume unaonyesha kwamba ubongo ulijenga picha ya nguvu inayokuja na ukawa unailipa mapema, kabla haijafika. Na jambo lingine: hakuna aliyewaambia washiriki wanyooshe njia zao. Wangeweza kufika kwenye shabaha kwa njia iliyopinda na kazi ingehesabiwa. Walirudi kwenye mstari mnyoofu wenyewe.

Jambo kama hilo humpata anayeinua jagi akidhani limejaa maji, kumbe ni tupu: jagi huruka juu. Mkono haukungoja kuupima uzito; ulikuja na nguvu ya jagi lililojaa, na mtu hucheka akidhani ameteleza tu.

Je, unyofu huo ni wa macho au wa mwili? Mwaka 1995 watafiti waliwafanyia watu hila, wakiwaonyesha kwenye skrini alama ya kiganja ambayo njia yake imepindishwa, kiasi kwamba mkono ukienda moja kwa moja jicho huona tao. Washiriki, bila kuelewa kinachoendelea, walianza kupinda njia za mikono yao ili kile wanachokiona kinyooke. Ushahidi huo unaelemea upande wa macho. Hata hivyo watu wasioona tangu kuzaliwa nao hupeleka viganja vyao kwa njia zilizo karibu na mstari mnyoofu. Macho, basi, yana sauti kubwa yanapokuwepo, lakini hayakuanzisha jambo hili.

Kuna sababu nyingine inayoufanya ubongo uishi kwa kutabiri, nayo ni ucheleweshaji. Kile macho yanachokiona huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde kabla hakijabadilisha mwendo wa mkono. Kufikia bilauri iliyo mbele yako kwa kawaida huchukua karibu nusu sekunde au zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba katika sehemu kubwa ya safari, ubongo unaongoza mkono kwa habari zilizopitwa na wakati, mfano wa nahodha anayeambiwa mahali chombo kilipokuwa na si mahali kilipo. Nahodha mzoefu hutumia habari hiyo ya zamani pamoja na anachokijua kuhusu upepo, mkondo na amri aliyoitoa kwenye usukani, akakisia chombo kiko wapi sasa. Ubongo hufanya vivyo hivyo: hubaki na nakala ya amri iliyotumwa, na kutokana nayo hukadiria mkono umefika wapi.

Kazi hiyo ya kukadiria inategemea sana sehemu iliyoko nyuma na chini ya kichwa, karibu na kisogo, ambayo hapa nitaiita ubongo mdogo. Daktari mzaliwa wa Ireland, Gordon Holmes, aliwachunguza askari waliopigwa risasi sehemu hiyo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na maelezo yake bado husomwa. Hawakuwa wamepooza. Walipotaka kugusa kitu, mkono ulipitiliza au uliishia njiani, viungo viligeuka kimoja baada ya kingine badala ya kwenda pamoja, na mtetemo uliongezeka kadiri kidole kilivyokaribia shabaha. Mtu wa namna hiyo huonekana kama mlevi, na wengi wamehukumiwa hivyo bila haki, ilhali kilichoharibika ni ule ukadiriaji, hivyo mkono hubaki ukifukuza habari za jana.

Kwamba kurekebisha mwendo njiani hakuhitaji ufahamu kulithibitishwa mwaka 1986. Watafiti walisogeza taa iliyokuwa shabaha wakati uleule jicho la mshiriki likiruka kuelekea kwake, muda ambao jicho haliwezi kuona badiliko. Washiriki hawakutambua kwamba taa imesogea, lakini mikono yao iligeuka njiani na kutua mahali papya.

Turudi sasa kwenye ile kumbukumbu ya misuli. Andika sahihi yako kwenye karatasi, kisha uiandike kubwa ubaoni. Kwenye karatasi vinavyofanya kazi hasa ni vidole na kifundo cha mkono. Ubaoni ni bega na kiwiko. Misuli ni mingine, uzito ni mwingine, hata hivyo sahihi ni yako na anayekufahamu ataitambua. Kama kumbukumbu ya umbo hilo ingekaa ndani ya misuli ya vidole, bega lingeipata wapi? Kinachokumbukwa ni umbo la njia, na kimehifadhiwa kwenye mfumo wa neva, mahali ambapo misuli mbalimbali inaweza kukiazima. Misuli hubadilika kwa mazoezi, kweli. Huongezeka unene na ustahimilivu. Lakini wimbo wa kinanda haumo ndani yake.

Dhana inayokaa jirani na hiyo ni kwamba fundi hodari hurudia mwendo uleule pasipo tofauti, kama mashine. Katika miaka ya 1920, kwenye Taasisi Kuu ya Kazi mjini Moscow, Nikolai Bernstein aliwapiga picha wafanyakazi stadi waliokuwa wakigonga patasi kwa nyundo, akiwa amewavisha taa ndogo ili picha ionyeshe njia ya kila kiungo. Nyundo ilitua mahali pake kwa uaminifu mkubwa. Bega, kiwiko na kifundo havikufanya hivyo. Kila pigo vilipita kwa pembe tofauti kidogo. Ingekuwa kila kiungo kinakosea kivyake, makosa yangejumlishana na nyundo ingetangatanga kuliko viungo vyote. Haikuwa hivyo, kwa sababu viungo vilisaidiana: bega likizidisha, kiwiko kilipunguza. Bernstein aliyaita mazoezi kurudia bila kurudia, yaani kinachorudiwa ni kulitatua tatizo, wala si suluhisho moja lililokaririwa.

Hilo linawezekana kwa sababu mkono una viungo vya ziada. Bega hugeuka kwa namna tatu, kiwiko kwa namna moja, kigasha hujipindua kwa namna moja, kifundo kwa namna mbili: jumla 7. Kuweka kitu mahali fulani na kukielekeza upendavyo kunahitaji 6 tu. Bonyeza kiganja mezani bila kukisogeza, kisha inua na ushushe kiwiko, nawe utaiona hiyo moja iliyobaki. Bernstein aliiona ziada hii kama tatizo, kwani ubongo una njia nyingi mno za kuchagua. Mwaka 2002 Emanuel Todorov na Michael Jordan (huyu ni mwanasayansi, si mchezaji) walionyesha kwamba ni hazina pia: mfumo wenye busara husahihisha makosa yanayoidhuru kazi tu, na yale yasiyoidhuru huyaacha yaelee. Ndiyo maana nyundo hutulia na kiwiko huyumba.

Sasa tunaweza kurudi kwenye mkono wa roboti tulioanza nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Apostolos Georgopoulos na wenzake walirekodi seli za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, za nyani waliokuwa wakisogeza mpini kuelekea pande mbalimbali. Kila seli ilikuwa na upande inaoupendelea: mkono ukielekea huko ilipiga ishara kwa nguvu, na ukielekea kinyume ilinyamaza. Hakuna seli moja iliyojua njia, lakini ukizichukua zote kama watu wanaovuta kamba kila mmoja upande wake, mvuto wa jumla hutabiri vizuri mkono unakokwenda. Huo ndio mlango waliopitia waliotengeneza viungo bandia vinavyoongozwa na ubongo. Mwaka 2012 ilichapishwa taarifa ya mwanamke aliyekuwa amepooza kwa karibu miaka 15 kutokana na kiharusi, aliyeongoza mkono wa roboti hadi kwenye chupa ya kinywaji, akaileta mdomoni na kunywa.

Ni tukio la kuheshimiwa sana, na halikuthibitisha kwamba ubongo ni kila kitu. Kilichonaswa kilikuwa hasa nia ya mwelekeo na kasi ya kiganja. Kugeuza nia hiyo kuwa mizunguko ya viungo, kupambana na uzito wa vipande vya chuma na kuzuia visirushane, yote hayo yalifanywa na mota na kompyuta ambazo wahandisi walizitayarisha. Yaani kazi ya mwili haikutoweka. Ilipewa mwili mwingine. Tena, tangu mwaka 1968 Edward Evarts alikuwa ameonyesha kwamba seli za sehemu hiyohiyo ya ubongo hufuata nguvu ya misuli pia, si mwelekeo peke yake. Ubongo wenyewe haukuchora mpaka kati ya mpango na mzigo.

Mpaka huo haupo hata mkono unapojifunza kwa mara ya kwanza au upya. Mtoto mchanga wa miezi minne au mitano anapoanza kufikia vitu, kiganja chake hakiendi kwa mstari. Huenda kwa vipande vifupi, kila kimoja kikianza na kusimama, kimoja kikielekea huku na kinachofuata kikirekebisha. Katika miezi inayofuata vipande hupungua, na cha kwanza hurefuka hadi kubeba sehemu kubwa ya safari. Wagonjwa wa kiharusi waliorekodiwa wakifanya mazoezi kwa mpini wa roboti walionyesha jambo la namna hiyo: katika siku za mwanzo kasi ya kiganja ilikuwa msururu wa vilima vidogo vilivyotengana, na katikati yake mkono ulikuwa ukisimama kabisa. Kadiri wiki zilivyopita vilima hivyo vilisogeleana, vikaanza kupandana, mabonde yaliyovitenga yakajaa, na kwa waliopona vizuri mchoro ukaelekea kuwa kilima kimoja kipana, chenye umbo la kengele.